Asali Kwenye Vioo Viwili

Jumatatu, 7 Julai

Nimeingia. Hatimaye! Wiki tatu nalizunguka duka la Bi Skrubu kama paka na chungu cha maziwa, leo nimeingia.

Chumba kimoja, meza ndefu, ukuta mzima misumari. Kila msumari una chake: chaja, nyaya, feni ndogo ndogo, kibodi zisizo na wenyewe. Bi Skrubu ni mama wa makamo mwenye jozi mbili za miwani, moja puani na moja kichwani, na bisibisi nyuma ya sikio. Nikamwambia nataka laptopu ya kazi ya dizaini, na mpya siiwezi. Hakuuliza la pili. Akaweka mbili mezani na kurudi kwenye kikombe chake cha chai.

Ya kwanza nyeusi, pana, nzito. Nimeinyanyua bega likanung'unika. Memori ya kutosha, inawaka kabla hujakaa vizuri. Nimeshaipa jina: Jabali. Ya pili ya kijivu, nyembamba, unaweza kuichanganya na daftari. Hiyo ni Sindano. Memori nusu ya mwenzake, na betri, kwa maneno ya Bi Skrubu, ina moyo ila haina pumzi.

Na bei ni moja! Hapo ndipo nilipovurugika. Bei zingetofautiana, mfuko ungechagua na mimi ningeenda zangu nyumbani.

Halafu nikaona vitufe. Kwenye Jabali tarakimu ndizo zilizofutika, saba na sifuri hazisomeki kabisa. Mhasibu huyo, au mwenye duka. Kwenye Sindano kila herufi ipo isipokuwa Z. Z imelika hadi imekuwa kishimo kinachong'aa. Nilicheka peke yangu. Sisi wa dizaini tunaijua Z: ukiibonyeza pamoja na kile kitufe cha pembeni, kosa lako la mwisho linafutika. Basi mwenye Sindano alikuwa mtu wa kazi yangu — na alikuwa akikosea sana! Au akijuta sana. Nani huyo? Nimeuliza. Bi Skrubu akasema habari za wateja huzifuta pamoja na mafaili yao.

Utaratibu wake sijawahi kuuona kwingine. Hauzi kwa maneno. Unachukua moja siku tatu, unarudi, unachukua ya pili. Hataki mtu aje kulia kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini uache rehani, na si kitambulisho. "Kitambulisho watu wanasahau. Acha kitu ambacho kesho asubuhi mkono utakitafuta."

Nikavua lenzi yangu shingoni. Ile ndogo ya kukuzia, unaiweka juu ya karatasi iliyochapwa unaona nukta za wino moja moja. Mjomba alinipa siku ya kwanza kazini, miaka kumi na mmoja iliyopita. Bi Skrubu akaitundika msumarini.

Kwa nini yote haya? Niandike wazi, humu simdanganyi mtu. Miaka kumi na mmoja nimechora kwenye kompyuta ya kiwanda cha Mjomba: kadi, lebo za sabuni, kalenda, vipeperushi. Mimi nachora, yeye anachapa. Wateja wanasema nina mkono wa rangi. Sasa amekuja Mama Nyuki, mfugaji wa nyuki, msemaji kama redio. Anataka lebo ya asali. Lakini kikundi chao kinachapisha mbali, kiwandani kwao, wanachohitaji ni mtu wa kuwapelekea faili tu. Lebo hii ikikubalika, nitachora za wafugaji wote arobaini. Peke yangu. Kazi yangu, jina langu.

Mjomba hajui. Mama naye hajui, maana Mama akijua Mjomba amejua.


Jumanne, 8 Julai

Jabali yuko kwenye meza ya chakula. Mama kaitazama, kauliza kama ni televisheni.

Anakimbia! Faili la kalenda, lile ambalo kiwandani nikilifungua naenda kuchota maji na kurudi, hapa limefunguka kabla sijakohoa. Nimepanga picha kumi na mbili moja juu ya nyingine, hajatetereka.

Mama Nyuki alipita jioni. Kaacha chupa ya asali na agizo moja. Rangi ya lebo iwe rangi hii, si ya chai, si ya mafuta ya kupikia, hii. Akaishika chupa mbele ya dirisha na kuizungusha. Ndani palikuwa na rangi tatu au nne zinazopishana. Njano pembeni, katikati kitu kama shaba, chini karibu na kahawia. Sijawahi kuitazama asali hivyo. Huwa naila tu.

Nikaiweka chupa kando ya kioo nikaanza kuchanganya. Saa moja na nusu. Nilipoipata nilipiga makofi! Asali kwenye chupa, asali kwenye kioo, mtu na pacha wake.


Jumatano, 9 Julai

Mjomba kaniuliza lenzi iko wapi. Nikasema nimeisahau nyumbani. Akasema aa, na akaendelea kufuta mashine.

Mkono wangu ulikwenda shingoni mara sita leo. Bi Skrubu ni mchawi.


Ijumaa, 11 Julai

Nimebadilisha. Jabali kwa Sindano.

Mh. Nimeifungua lebo ya asali na moyo umeniporomoka. Imepauka! Ule mng'ao wote wa Jumanne umekwenda. Kila kitu kiko baridi, kama picha iliyolala kwenye maji. Nikafungua lebo ya sabuni ya mwaka juzi, ile waliyoisifu, nayo hivyo hivyo. Waridi limekuwa na uso wa mgonjwa.

Halafu inaganda. Nikiweka picha ya nane, feni inaanza kulia kama mtoto aliyenyimwa ziwa, na mshale unasimama. Unasubiri. Unaangalia dari. Mama akasema hiyo imechoka, irudishe kwa wenyewe.

Lakini ina kitu. Kibodi yake iko laini, inajua vidole. Na ile Z kila nikiibonyeza kidole kinaingia kwenye kishimo chake kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Leo nimeibonyeza mara ngapi? Nilianza kuhesabu, nikaacha nilipofika sitini. Kumbe hata mimi!

Nawaza huyo mwenzangu. Aliiuza kwa sababu alipata bora zaidi, au aliacha kazi?


Jumamosi, 12 Julai

Leo nimefanya mtihani wa haki. Nimekwenda kwa Bi Skrubu, nimemwomba aniachie zote mbili kwa wiki. Akaitazama lenzi msumarini, akanitazama mimi, akasema chukua, ila Ijumaa kabla ya saa kumi na moja iwe imerudi moja, kuna mtu anasubiri itakayobaki.

Nikaziweka bega kwa bega karibu na dirisha. Faili moja kwenye zote mbili: lebo ya sabuni. Katikati nikaweka lebo yenyewe, ya karatasi, iliyochapwa kwa Mjomba. Karatasi haina upande, nikajisemea. Karatasi ndiyo shahidi.

Jibu likaja papo hapo. Kwa Jabali waridi ni lile lile la kwenye karatasi, joto, limeiva. Kwa Sindano ni yule mgonjwa. Kwa hiyo Sindano ni mwongo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimechagua Jabali!

Sikumbuki lini mara ya mwisho nilifurahi hivi kwa jambo la kazi. Nikarudi kwenye chupa ya asali niimalizie rangi. Kumbe imepungua! Rangi yote imekuwa nyepesi. Nikamwita Mama. Akaja na kijiko mkononi, bila aibu.

"Mama, hiyo ni rangi yangu!"

"Ni tamu," akasema.

Nikamweleza basi, ikabidi. Mama Nyuki, wafugaji arobaini, laptopu. Akalamba kijiko, akauliza, "Na kaka yangu?" Nikamwomba asimwambie. Akasema hatasema. Akaapa kabisa.

Niandike tu kwamba Mama kuapa kutunza siri ni sawa na chujio kuapa kutunza maji.


Jumatatu, 14 Julai

Siku mbaya.

Nimepeleka faili la asali kwa mchapaji wa mtaa wa pili nipate karatasi moja ya kumwonyesha Mama Nyuki. Sikuweza kuchapa kwa Mjomba, ni wazi. Nimelitoa kwenye Jabali, nimeliangalia mara ya mwisho, tamu kabisa, nimeliweka kwenye flashi.

Imetoka kitu gani sijui. Kijivu-kijivu. Rangi ya maji yaliyooshea vyombo. Asali gani hiyo? Hata nyuki angeitema.

Nikamwambia yule mchapaji mashine yako mbovu. Hakukasirika. Ni mtu mpole, ana pamba masikioni kwa ajili ya makelele. Akazitoa, akaniomba nirudie, nikarudia. Akasema, "Dada, mimi nimechapa ulicholeta. Sikuongeza, sikupunguza."

Nimeondoka na hasira. Ila hayo maneno yamekataa kubaki dukani kwake. Yamenifuata hadi nyumbani. Sikuongeza, sikupunguza. Mbona kayasema kama mtu anayejitetea? Nani anaongeza?

Nimeweka karatasi ile mbele ya vioo viwili. Sikutaka kuangalia, nikaangalia. Inafanana na Sindano. Inafanana kabisa!


Jumanne, 15 Julai

Nimeamka na swali moja. Kabla ya kazi nimepita tena kwa yule wa pamba, nimempa faili la sabuni ya mwaka juzi. Chapa kama lilivyo, nimemwambia, usiongeze wala usipunguze. Akacheka.

Waridi mgonjwa. Vile vile kama kwenye Sindano.

Yaani faili lenyewe ndilo gonjwa. Nililichora mimi, kwa macho yangu haya, kwenye kioo cha kiwandani. Lakini lililotoka kwa Mjomba lilikuwa zima, nalo ninalo, liko mbele yangu. Faili moja, karatasi mbili. Katikati kuna nini?

Nimelitazama lile likioo la kiwandani leo kama sijawahi kuliona. Tunaliita Bibi Kizee. Miaka kumi na mmoja uso kwa uso! Nikachukua karatasi nyeupe, mpya, nikaishika kando ya ukurasa mtupu kwenye kioo. Karatasi nyeupe. Kioo — rangi ya jino la mvuta sigara. Njano! Bibi Kizee amezeeka akawa wa njano, na mimi nimezeeka naye, sikuona. Nyani haoni kundule.

Kwa hiyo kila nilichochora nilikiona kina njano ya kutosha, nami nikaipunguza. Miaka mingapi? Na Jabali naye ni wa njano, ndiyo maana macho yangu yakampenda. Yalikutana na ndugu wa Bibi Kizee.

Sasa niulize lililobaki. Ikiwa mafaili yangu hayakuwa na njano, njano ya kwenye karatasi ilitoka wapi?


Jumatano, 16 Julai

Nimemwona.

Kulikuwa na kazi ndogo, vipeperushi vya fundi cherehani, nilivichora jana. Kwa kawaida nikishampa Mjomba faili narudi kwenye kiti changu. Leo nilisimama nyuma ya rundo la karatasi nikijifanya nazipanga. Akatoa ya kwanza. Akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akainamisha kichwa, akaguna. Halafu, bila kufikiri kabisa, kama mtu anayejikuna, mkono ukaenda kwenye kitasa cha wino wa njano. Ukazungusha mara moja, mara mbili, na kidogo tena. Akatoa nyingine. Akaitazama. Akatabasamu.

Nikatoka nyuma ya karatasi. "Mjomba, umefanya nini hapo?"

"Wapi?"

"Hapo. Njano."

Akashangaa swali. "Nimeongeza. Si naongezaga?"

"Tangu lini?"

Alifikiri. Akasema tangu ule mwaka tulipopaka ukuta. Hiyo ni miaka saba! Nikamwuliza kwa nini hajawahi kuniambia. Akafuta kidole gumba kwenye kitambaa. Hakitakati, kile kidole kina njano hadi kwenye kucha, na mimi miaka yote nilidhani ni tumbaku ya ujanani.

"Nilidhani unajua," akasema. "Wewe unaacha nafasi, mimi najaza. Nikadhani ndivyo tunavyofanya kazi."

Sikuwahi kuacha nafasi kwa ajili ya mtu. Nilidhani napeleka kitu kilichokamilika. Nimeona aibu, nimeona hasira, na chini ya vyote viwili nimetaka kulia. Wateja wote wale. Mkono wa rangi! Mkono wa nani?

Akaniuliza kama lenzi nimeileta. Nikasema bado.


Alhamisi, 17 Julai

Nimeomba ruhusa, nimebaki nyumbani. Nimemdanganya Mjomba kwamba naumwa tumbo. Mjomba alisema pole mama, kunywa maji ya moto. Hiyo "mama" yake ilinichoma.

Niwe mwaminifu. Nikimchukua Jabali nitakuwa na kasi, na kila nitakachochora kitatoka kimepungukiwa, na huko mbali hakuna mtu wa kuzungusha kitasa. Nikamwuliza Bi Skrubu kwa simu kama rangi inarekebishika. Akasema utaipunguza kidogo, kioo kilichozeeka kimezeeka. Nimejaribu saa nzima. Katikati inakubali, pembeni chini inabaki na doa la chai.

Nikimchukua Sindano nitagandishwa kila saa, ila nitaambiwa ukweli. Tatizo ni kwamba sitaki kuuamini. Nimechora asali upya juu yake leo, na macho yangu yamegoma mwanzo hadi mwisho. Kila nikiongeza njano mkono unasema inatosha, imezidi, punguza. Nikabonyeza Z. Nikaongeza tena. Z. Z. Ile Z yangu ya kufuata mazoea, na Z ya huyo mwenye kuiuza... Labda na yeye aliikalia mashine hii akigombana na macho yake? Ningependa kumwuliza. Ningependa kukaa naye nusu saa tu.

Mwishowe nikaacha kutazama kioo. Nikatazama chupa tu, kisha kioo haraka, kisha chupa. Ikafika mahali nikaona imezidi kupita kiasi, chungwa bivu, fedheha. Nikaiacha hapo hapo kwa ukaidi. Nikampelekea mtu wa pamba.

Imetoka asali.

Nimeishika karatasi ile njia nzima bila kuikunja. Mtu mmoja kaniuliza kama ni cheti.

Basi inawezekana! Mimi mwenyewe, bila mtu wa kuongeza. Nilitegemea kufurahi kuliko nilivyofurahi. Nawaza Mjomba kesho ataishika kazi ya nani kwenye mwanga wa dirisha, na ataguna kwa ajili ya nani.


Ijumaa, 18 Julai

Saa kumi na dakika ishirini. Naandika haraka, Mjomba yuko nje bombani.

Leo pia sikwenda kazini, kwa lile tumbo la uongo. Tangu asubuhi kulikuwa na baridi, na asali imeganda! Nimeamka nimekuta chupa imekuwa nyeupe-nyeupe kama mafuta ya kujipaka. Rangi yangu yote ya kulinganishia imekwenda. Hadi mchana nilikuwa bado naitingisha kama mjinga, mara hodi ikabishwa mlangoni. Mjomba! Saa tisa kamili, siku ya kazi, kafunga kiwanda. Kasema kaja kumsalimia dada yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, macho yake yakiwa mezani. Laptopu mbili wazi, karatasi ya asali katikati. Mama ghafla akakumbuka kuna nguo za kuanua.

Sikuwa na pa kujificha. Nikasema, "Mjomba, nilitaka kukwambia."

Akasema najua. Nikamtazama Mama kupitia dirishani, nikajiandaa kumlaumu. Mjomba akatikisa kichwa, si Mama. Jumatano ya wiki iliyopita alikwenda kwa Bi Skrubu kutafuta waya. Akaona lenzi imening'inia msumarini. "Mtu haweki jicho lake rehani kwa mchezo," akasema. "Nikajua unaondoka. Nikasubiri uniambie."

Siku tisa alijua! Alijua nilipomwambia nimeisahau nyumbani? Sikuthubutu kuuliza. Alijua nilipomwambia tumbo, hilo hakika.

Hakunigombeza. Ningependelea anigombeze. Akachukua ile chupa, akaiona ilivyoganda, akauliza maji ya moto yako wapi. Akaiweka kwenye bakuli la maji moto, akavuta kiti, tukakaa tukiitazama. Ikaanza kufunguka kutoka pembeni, uzi mmoja wa njano, kisha mwingine. Mjomba akawa anaigeuza polepole kwa vidole, kifuniko hakikukaza, asali ikamchuruzika hadi kwenye kiganja. Ikachukua dakika kumi hivi. Ilipokuwa safi akaiinua mbele ya dirisha kama anavyoinua karatasi zote za dunia hii. Akaguna.

Akaangalia Jabali. Akaangalia Sindano. Akatoa lenzi yake mfukoni, akaiweka juu ya karatasi yangu ya jana, akainama.

"Nani kachapa?"

Nikamwambia.

"Kaongeza?"

"Hajaongeza kitu, Mjomba."

Alikaa ameinama muda mrefu kuliko karatasi inavyohitaji. Alipoinuka macho yalikuwa na maji. Kasema ni moshi wa jiko. Jiko halijawashwa.

Kisha akaigonga Sindano kwa kifundo cha kidole, taratibu. "Chukua hii. Hii ni ya mtu anayewapelekea kazi watu asiowajua." Nikasema inaganda, Mjomba, inaganda kila saa. Akasema nitajifunza kusubiri, yeye kasubiri mashine maisha yake yote. Halafu akamgeukia Jabali, akakipima kioo chake kwa jicho, akaona ile njano ya pembeni, nikaona kwamba ameiona. Akacheka kidogo.

"Na hii mwambie Bi Skrubu asimpe mtu. Nitaichukua mimi. Bibi Kizee hana siku nyingi, na mkono wangu umeshazoea kuongeza."

"Nani ataikalia, Mjomba?"

Akatazama mikono yake imejaa asali, akasema ngoja ninawe kwanza, akatoka.

Nimeshakunja chaja ya Jabali nimeiweka mkobani, nimeitoa, nimeiweka tena. Bi Skrubu anafunga saa kumi na moja. Nikitoka sasa hivi nafika. Lenzi nitairudisha shingoni, hilo nalijua, zaidi ya hapo silijui. Swali nimeuliza mimi, na jibu nalo limekaa kwangu, kwa sababu kiti mbele ya Bibi Kizee kina mtu mmoja tu aliyewahi kukikalia.

Jumatatu naweza kwenda asubuhi tu. Siku mbili kwa wiki? Nimwoneshe mtu mwingine kazi? Au nikae kwenye Jabali lile na kumwachia nafasi, safari hii kwa makusudi, ili agune—

Bomba limefungwa. Anajipangusa mikono kwenye suruali, namsikia. Anamwuliza Mama kama nimeshaondoka, na Mama anasema bado yupo.